Binti Aliyepima Mitikisiko ya Jua

Mama yake hakuhitaji kuinua uso ili ajue mbingu zilishindaje. Aliangalia viatu. Kitinda akirudi kazini na kuvipanga sawasawa kando ya mlango, basi kule kilimani Jua lilionekana vizuri na kazi imekwenda. Akivirusha, kimoja huku kimoja kule, mawingu yamewakalisha bure kutwa nzima. Jioni ile hakuvivua kabisa. Aliingia navyo hadi ndani, akapita pazia linalogawa chumba, akakaa kitandani na vumbi lake lote. Mama alikuwa akipiga pasi sare yake ya kesho.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Mama akazima pasi.

Aliitwa Kitinda kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na jina likamganda mpaka ukubwani. Mbele yake alikuwepo kaka yake tu, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa mwili mkubwa na maneno mengi. Baba yao alifariki Kitinda akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama akawalea kwa mshahara wa dobi wa hospitali, kazi anayoifanya hadi leo: kupokea mashuka ya wodini, kuyafua kwenye mashine kubwa inayotikisa sakafu, kuyanyoosha, kuyakunja na kuyarudisha. Kazi hiyo ilimfundisha kuangalia. Shuka la mgonjwa aliyepata usingizi na la yule aliyegaagaa mpaka alfajiri hayafanani, na yeye aliyatofautisha kabla hajayatumbukiza majini. Nyumbani nako alikuwa hivyo hivyo. Kitinda akishatoka asubuhi, mama hupitisha mkono juu ya shuka lake kabla ya kulitandika.

Utotoni binti huyo alikuwa na tabia ya kulala kifudifudi sakafuni, pale mwanga wa dirishani ulipoangukia, akizitazama chembe za vumbi zinavyoelea. Aliweza kukaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Mama alidhani ana minyoo, akampeleka kupewa dawa. Minyoo haikuonekana. Mtoto akaendelea kutazama vumbi, akaenda shule, akafaulu, akaenda chuo, na mama akatembea kifua mbele mtaani kama mtu aliyejengewa nyumba.

Mwaka wa mwisho chuoni mambo yaliharibika. Kitinda alifeli mtihani mmoja, mtihani ambao wenzake walifeli pia wakarudia na kuusahau. Yeye hakusahau. Aliacha kula, kisha akaacha kuzungumza. Siku moja mlinzi wa reli alimkuta amekaa kando ya njia ya treni, jua limemchoma uso, na hakuweza kueleza alifikaje pale. Alilazwa, akapewa dawa, na taratibu akarudi kuwa yeye. Akaurudia ule mtihani, akaupita. Nyumbani hawakulitaja jambo lile kwa jina. Walisema "ule wakati," basi, na kila mmoja akaelewa. Majirani waliambiwa ni malaria.

Kwa hiyo alipopata kazi katika kituo cha kuchunguza Jua, mama alishukuru, lakini roho yake ilibaki juu juu. Kituo kiko kilimani nyuma ya mji, mnara mweupe unaoonekana hata kutoka uani hospitalini. Juu kabisa vioo hulidaka Jua na kuishusha taswira yake hadi chumba cha chini, chenye giza, ambako kamera huipiga picha mfululizo.

"Sasa nyinyi mnaangalia nini kutwa nzima?" mama aliuliza siku za mwanzo. "Jua si lile lile la jana?"

"Hebu nyoosha mkono, mama." Kitinda alipitisha kidole taratibu juu ya mkono wa mama yake. "Unaviona vinyweleo hivi? Jua nalo linavyo. Ukingoni mwake zimesimama nyuzi nyembamba za gesi ya moto. Huku tunaziona nyembamba, lakini uzi mmoja ni mpana kuliko mkoa mzima. Unachomoza, unapanda, na kabla chai yako haijapoa umeshapotea, mahali pake umeota mwingine."

"Halafu?"

"Halafu zinatikisika. Zinayumba huku na huku, kama kamba ya kuanikia nguo ukiipiga upande mmoja. Wimbi linaingia chini linapanda nayo juu. Kazi yangu ni kupima uzi umeyumba kiasi gani, na umechukua muda gani kurudi."

"Na ukishapima?"

"Kuna jambo linawasumbua watu, mama. Angani juu ya Jua, mbali na uso wake, kuna joto kali kuliko pale usoni penyewe. Hakuna anayejua kwa hakika ni nini kinacholibeba joto hilo kulipandisha. Huenda ni hayo mawimbi."

Mama akafikiri. "Yaani ukisogea mbali na jiko ndiyo unaungua zaidi?"

"Hapo hapo."

"Basi hilo jiko lina walakini. Mngeita fundi."

Kitinda alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amecheka hivyo tangu ule wakati, na kwa majuma kadhaa mama alikuwa akimuuliza habari za Jua kwa ajili ya kukitafuta kicheko kile tu.

Kisha likaja jambo lililompa jina. Katika picha zake Kitinda aliona kwamba nyuzi zilizosimama mbalimbali zilikuwa zinayumba pamoja, kulia pamoja, kushoto pamoja, kama kwaya iliyofundishwa na mwalimu mmoja. Hakuna aliyewahi kuona hivyo. Mkuu wa kituo, mzee mfupi mwenye upara unaong'aa, ambaye alikiongoza kituo tangu enzi za paa linalovuja, aliitazama ile kazi mpaka akavua miwani na kupangusa macho. Kituo kilikuwa mbioni kufungwa. Alikwenda kuisoma habari ile kwenye mkutano ng'ambo, akarudi na ahadi: kamati itakuja kukagua, na ikiridhika itatoa kioo kipya, na kituo kitaendelea. Kitinda naye aliahidiwa ajira ya kudumu. Mtaani wakaanza kumwita Darubini. Kaka yake aliitangaza habari hiyo kila aliposimamisha lori, akiitia chumvi kadiri safari ilivyorefuka, hata huko mpakani wakaamini dada yake amefika Jua akarudi.

Sasa Kitinda alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Mama," alisema mwishowe, "Jua halikuwa na kwaya. Ni mashine yetu."

Mama hakuelewa, na Kitinda akamweleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kamera ile hupata joto. Ili isiungue, yeye mwenyewe aliomba ifungiwe mashine ya kuipoza kwa maji, inayojiwasha na kujizima kama friji. Mashine ikiwaka, bomba la maji linakakamaa na kuisukuma kamera pembeni kidogo, chini ya unene wa unywele. Ikizima, kamera inarudi. Kuwaka, kuzima, kuwaka, kuzima. Picha nzima ilikuwa inateleza, na nyuzi zote zikaonekana kuyumba pamoja.

"Na msione, watu wazima nyote?"

Kitinda alichukua sahani mezani, akaikinga kwa kitabu ikabaki inachungulia nusu. "Picha huwa tunazipanga kwa kulinganisha ukingo wa Jua. Tazama ukingo wa sahani. Nikiishusha hivi, unaona?"

"Naona ukingo umeshuka."

"Nikiizungusha je?"

Mama alitazama. Sahani ilizunguka nyuma ya kitabu, na ukingo ukabaki vile vile.

"Sioni kitu."

"Ndivyo na sisi. Jua likipanda au kushuka kwenye picha, ukingo unatuambia. Likiteleza kuufuata ukingo wake, ukingo haukwambii lolote. Na nyuzi huyumba upande huo huo." Aliiweka sahani chini. "Mashine iliharibika juzi. Asubuhi kulikuwa na baridi, tukapiga picha bila hiyo. Kila uzi ukayumba kivyake. Leo imetengenezwa, nikaiwasha. Kwaya ikaanza."

"Nani mwingine anajua?"

"Mkuu. Anasema tunyamaze mpaka kamati ipite, halafu tutarekebisha taratibu."

Mama alishusha pumzi. "Basi nyamaza, mwanangu. Mkubwa ameshasema. Nani atapanda kule akague bomba?"

"Kamati inakuja kwa sababu ya kwaya, mama. Watatoa kioo kwa kitu ambacho hakipo. Nitawaambia siku wakija."

"Utamwaga unga."

"Najua."

Kaka yake alirudi safari wikiendi hiyo, akakaa kwenye kochi likalia. Alisikiliza yote huku akimega mkate.

"Darubini, nikuulize. Malori yanayopita barabarani yamezidisha mizigo au hayajazidisha?"

"Yamezidisha."

"Na yanafika au hayafiki?"

"Mengine yanaanguka, kaka."

"Mengine ni mengine. Mimi nafika." Alimgeukia mama. "Huyu mtoto umemzaa na rula tumboni." Kisha akaona uso wa dada yake, akaacha mzaha. "Sikia. Wewe ni mpimaji. Mwache mkuu aongee, yeye ndiye anayelipwa kwa kuongea."

"Nilipima vibaya," Kitinda alisema. "Sitaki mtu ajenge juu yake."

Kaka mtu akaendelea na mkate wake.

Siku zilizofuata mama aliishi na roho mkononi. Kitinda aliongea vizuri, alioga, alikwenda kazini. Lakini chakula alikihamisha tu kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine, na asubuhi shuka lake lilikuwa limejikunja kama kamba. Mama aliyajua mashuka ya namna hiyo. Ndiyo yaliyokuwa kitandani mwake ule wakati, majuma machache kabla ya habari za mlinzi wa reli. Katika chumba cha kufulia alisimama mbele ya mashine inayotikisika, akifikiri: akiwaambia wageni, atafukuzwa, akifukuzwa, atarudi kulekule. Alimuona mwanawe kando ya reli kila alipofumba macho.

Basi aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akavaa gauni la kutokea, akapanda kilimani kwa miguu bila kumuaga hata mtu mmoja. Alichagua saa ambayo Kitinda huwa kule chini gizani na kamera.

Mkuu alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamimina chai mwenyewe. Ofisi yake ilikuwa ndogo, mafaili yamepangwa mpaka dirishani, na ukutani kuna picha kubwa ya ukingo wa Jua, nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyeogopa.

"Karibu, mama. Tunaye binti mzuri sana."

"Ndiye aliyenileta, baba. Nimekuja kumuombea."

Alisema yote. Kwamba Kitinda atasimama mbele ya wageni aseme habari za bomba. Mkuu alikuwa akikoroga chai, kijiko kikasimama. Alikuwa amemkataza, akadhani yameisha. Mama akaomba, hata akisema, wasimfukuze. Kisha, kwa kuona uso wa yule mzee umekuwa mgumu, akataka kuulainisha, akatoa alichokuwa hajampa mtu yeyote.

"Mwanangu aliwahi kuugua, baba. Si mwili. Kichwa. Alikaa hospitali. Na sasa hivi halali, hali, naziona dalili zile zile. Ukimfokea utamvunja. Mchukulie taratibu tu, kama mgonjwa."

Mkuu alikitoa kijiko, akakiweka kando ya kikombe. "Hapa wanafanya kazi watu wengi, mama," alisema. "Wana watoto. Kituo kikifungwa, sijui watakwenda wapi." Halafu akainua uso, na sauti yake ikawa ya upole kweli. "Umefanya vizuri kuniambia. Hatutamfokea. Nakuahidi."

Mama aliteremka mwepesi kama aliyetua gunia. Jioni alipika, akaimba kidogo, na Kitinda akamtazama kwa mshangao.

Siku ya kamati mama alikuwa zamu ya asubuhi. Alirudi nyumbani mchana, na kabla hajavua kilemba gari la kituo likasimama nje. Dereva alishuka, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango na kumshika Kitinda kiwiko, kama anavyoshikwa bibi kizee kwenye ngazi. Mkoba wake aliubeba yeye.

"Mama, shikamoo. Tumeambiwa tumfikishe mpaka ndani," dereva alisema kwa sauti ya chini. "Na kwamba asiachwe peke yake."

Kitinda alikuwa mzima. Hakulia, hakutetemeka. Alimshukuru dereva, akasubiri gari liondoke, akakaa kwenye kochi la kaka yake.

"Niliongea vizuri," alisema. "Niliandaa kila kitu. Picha za mashine ikiwa imewaka, picha za mashine ikiwa imezima. Nilipomaliza, mmoja wao akataka kuuliza swali, swali zuri, niliona. Mkuu akasimama. Hakukasirika. Akasema, 'Ndugu zangu, tumvumilie mwenzetu. Amekuwa na matatizo ya kiafya, aliwahi kulazwa, na hivi karibuni yamemrudia. Mama yake mzazi amekuja hapa ofisini kutueleza.' Yule mtu akafunga kalamu yake."

Mama alibaki amesimama, kilemba mkononi.

"Nikasema mimi ni mzima. Nikasema washuke waangalie bomba wenyewe. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyonitazama. Mwanamke mmoja akaniletea maji." Kitinda aligeuza uso. "Mama, ulipanda kule?"

"Nilipanda."

"Ukamwambia."

"Nilitaka wakuhurumie, mwanangu."

"Wamenihurumia," Kitinda alisema. "Wamenihurumia sana."

Mama alianza kulia, na jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba Kitinda aliinuka, akamketisha, akampa kitambaa. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Mama alisema atapanda tena, atawaambia kwamba alidanganya, kwamba binti yake hajawahi kuumwa hata mafua.

"Ukisema hivyo watasema na wewe unaumwa. Watasema ni ya ukoo." Karibu acheke, lakini hakucheka.

Kioo kilitolewa. Kitinda akapewa mapumziko ya ugonjwa, kisha mkataba wake ulipoisha hakuitwa. Mkuu alikuja mwenyewe na mfuko wa machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema habari za kwaya zitarekebishwa kidogo kidogo, kila kitu na wakati wake. Kitinda alimkaribisha maji, akamuuliza kama bomba limebadilishwa. Mkuu akasema limebadilishwa. "Vizuri," Kitinda akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Machungwa yakaoza kapuni, maana mama hakuweza kuyala na Kitinda hakuyagusa.

Baadaye watu wa kituo cha mbali, wenye darubini yao wenyewe, waliitafuta ile kwaya wasiione. Waliandika kwamba yaliyosemwa awali hayakuthibitika. Kitinda alisoma habari hiyo kwenye simu, akiwa amesimama mlangoni, akaizima simu, akaenda kuchota maji. Jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kati ya waandishi wa yale yaliyosemwa awali.

Alichokiogopa mama hakikutokea. Hiyo ndiyo ajabu yake. Kitinda alianza kula. Shuka lake likanyooka. Aliamka mapema, akafagia, akamsaidia mama kubeba vitu, akamjibu kila alipoulizwa. Ila mlango ulikuwa umefungwa mahali fulani ndani yake, na mama, aliyezoea kusoma kila kitu, hakupata tena pa kusoma. Akimuuliza habari za Jua, binti alijibu kama anayemwelekeza mgeni njia. Vitu ambavyo zamani alimwambia akiwa anasuka nywele au anamenya viazi, sasa hakuvisema mbele yake. Akiongea na simu, alitoka nje.

Kaka yake ndiye aliyemtafutia kazi nyingine. Aliwafahamu watu wa mizani, kule barabara kuu malori yanakopimwa uzito, safari ya siku nzima kutoka mjini. Walihitaji mtu anayejua hesabu na asiyekubali kuhongwa. "Wa namna hiyo ninaye mmoja nyumbani, anatusumbua," kaka akawaambia. Kitinda alikubali siku hiyo hiyo. Mama alimfungia nguo, akamuwekea blanketi zito, akamwambia kule kuna vumbi, ajifunike. Hakuthubutu kumwambia asiende.

Kaka alimpeleka na lori lake. Aliporudi, alimkuta mama amekaa uani na beseni la nguo, akamsalimia, akavuta kigoda. Safari hii hakuanza na mzaha.

"Amefika salama. Chumba ni kizuri, kina dirisha. Wenzake wanaonekana watu wa maana."

"Hali yake je?"

"Nzuri." Alijikuna shingo. "Ila kuna kitu amefanya, mama, sijui nikueleze."

"Nieleze."

"Tulipofika tu, bosi wake akatoka kutupokea. Hata mkoba hajautua, hajaonyeshwa pa kukaa, Kitinda akamwambia: 'Mimi niliwahi kuugua kichwa, nikalazwa. Nilipona. Nakwambia mwenyewe sasa hivi, kwa sababu mama yangu anaweza kuja kukwambia.'"

Mama aliendelea kukamua nguo iliyokuwa mikononi mwake.

"Yule bosi akacheka, alidhani utani," kaka alisema. "Kitinda hakucheka. Akauliza mizani iko wapi, na ni nani aliyeihakikisha mara ya mwisho."

Nguo ilikuwa imeshaisha maji. Mama aliikamua tena, akaikung'uta, akaitundika kwenye kamba, na kamba ikayumba kwa muda. Kijana wake alimtazama akisubiri aseme neno. Mama akainama kwenye beseni kuchukua nyingine.